Kijani cha Uongo

Mbukwenyi, wasomaji wangu. Toleo lililopita nilieleza namna ya kujenga paipulaini ya kwanza, ule mlolongo wa hatua unaoupokea msimbo wako ukishausukuma kwenye Git, zana inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo, ukaupima, ukaujenga, kisha ukaupeleka kwenye seva bila mtu kugusa kibodi. Nilieleza safari inayofika salama. Barua zilizonijia tangu hapo karibu zote zinauliza kuhusu safari inayokwama njiani, na mna haki ya kuuliza. Nimechukua nne. Ya kwanza nitakaa nayo muda mrefu, kwa sababu ndani yake kuna makosa niliyoyaona kwenye ofisi nyingi hapa Dodoma, na moja niliwahi kulifanya mwenyewe.

SWALI

Shikamoo dada. Mimi na wenzangu wawili tunatunza programu ya kupokelea mazao ya chama kimoja cha wakulima wa zabibu upande wa Hombolo. Karani anapima kreti, anaingiza uzito kwenye simu, mkulima anapata SMS. Tunatumia GitLab kuhifadhi msimbo na kuendesha paipulaini, na kanzidata yetu ni MySQL. Mwezi wa tatu, katikati ya mavuno, tulipeleka toleo jipya saa tano usiku. Mtandao ukayumba kama dakika mbili hivi, wakati ule ule hatua ya kubadili majedwali ilipokuwa inaendelea. Jedwali la kwanza lilibadilika, la pili halikubadilika. Lakini paipulaini ikaendelea, na mwisho ikatuonyesha kwamba imepita. Tukalala. Saa kumi na mbili asubuhi makarani walipoanza kupima, kila uzito ukakataliwa. Wakulima walikaa na kreti zao hadi saa tano, tukawa tunaandika kwenye daftari. Baadaye tuligundua kwamba mwenzetu alikuwa ameweka allow_failure: true kwenye hatua hiyo tangu Desemba, kwa sababu ilikuwa inamsumbua. Sasa mwenyekiti anasema mambo ya paipulaini basi, turudi kunakili mafaili kwa mkono. Naomba unielekeze: naandika wapi, ndani ya msimbo, kwamba hatua hii ikifeli kila kitu kisimame na toleo la zamani lirudi?
Msomaji wako, Nzuguni

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Poleni sana. Nimekulia Mvumi, kwa watu wanaolima zabibu, na najua tenga lililovunwa alfajiri linavyokuwa likifika saa tano juani. Barua yako sikuisoma kama habari ya kompyuta.

Nianze na mwenyekiti. Hasira yake ni ya haki, lakini dawa anayoitaka imewahi kuua. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Marekani iliyoitwa Knight Capital ilikuwa inaweka programu mpya ya kuuza na kununua hisa kwenye seva nane. Fundi alinakili kwa mkono, akaweka saba, ya nane akaisahau, na hakukuwa na mtu wa pili wa kukagua. Soko lilipofunguliwa ile seva ya nane ikaamsha msimbo wa zamani uliokuwa umelala miaka mingi. Ndani ya dakika 45 walipoteza zaidi ya dola milioni 400. Katikati ya taharuki wakaamua kuondoa programu mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa nzima, wakidhani tatizo ni hiyo mpya, na hapo ndipo ugonjwa wa seva moja ukawa wa zote nane. Msomee mwenyekiti kisa hicho. Mkono wa mtu saa tano usiku husahau, na mtu mwenye hofu hurudisha kisichotakiwa kurudishwa. Tunaandika la kufanya ndani ya faili, mchana, akili ikiwa imetulia, ili usiku tusiwe tunabuni.

Sasa tufungue faili lenu la .gitlab-ci.yml, lile ambalo GitLab husoma ndani yake hatua za paipulaini. Mstari wa allow_failure: true wengi wanauelewa kama "nivumilie kidogo". Maana yake ni nzito zaidi. Unaiambia GitLab kwamba hatua hii hata ikifa, hatua zinazofuata ziihesabu kuwa imefaulu. Itapakwa rangi ya chungwa na alama ya onyo, lakini paipulaini nzima itaandikwa kuwa imepita. Na kuna jambo la pili ambalo halionekani kwa macho: hata kama mngekuwa mmeandika hatua ya kurudisha toleo la zamani, isingeamka, kwa sababu kwa hesabu za GitLab hakuna kilichofeli. Kwa mstari mmoja mwenzenu aliondoa breki na kengele kwa pamoja.

Simlaumu sana. Hatua inayofeli mara kwa mara bila sababu ya kueleweka inachosha, na mtu aliyechoka hutafuta namna ya kuinyamazisha. Lakini mstari ule una mahali pake. Uweke kwenye hatua ya kukagua mpangilio wa maandishi ya msimbo, au kwenye jaribio jipya mnalolifanyia majaribio wiki hii. Kwenye hatua inayogusa kanzidata ya wakulima usiwepo kabisa.

Hivi ndivyo ningeanza kuandika sehemu ya mwisho ya faili lenu:

stages: [jenga, pima, majedwali, peleka, kagua, rudisha]

jenga_programu:
  stage: jenga
  script:
    - ./jenga.sh
  retry:
    max: 2
    when:
      - runner_system_failure
      - stuck_or_timeout_failure

badili_majedwali:
  stage: majedwali
  script:
    - ./badili.sh
  timeout: 10 minutes
  resource_group: seva_ya_wakulima

peleka_seva:
  stage: peleka
  script:
    - ./peleka.sh "$CI_COMMIT_SHORT_SHA"
  timeout: 10 minutes
  resource_group: seva_ya_wakulima

kagua_afya:
  stage: kagua
  script:
    - ./kagua.sh

rudisha_toleo:
  stage: rudisha
  script:
    - ./rudisha.sh
  when: on_failure

Hatua ya pima sikuiandika, mnayo tayari. Mafaili yanayoishia na .sh ni skripti, yaani orodha za amri. Angalia niliyoiruhusu kujaribu tena: ni kujenga peke yake. Kujenga hata ukirudia mara kumi hakumdhuru mtu. GitLab yenyewe hairuhusu zaidi ya marudio mawili, na mimi naona yanatosha. Tena nimetaja sababu, kwamba irudie pale tu mashine inayoendesha kazi imeanguka au kazi imekwama. Hapa kwetu umeme ukikatika sababu hizo mbili zinatokea kweli. Lakini kama msimbo una kosa, kurudia ni kupoteza muda na bando.

Kubadili majedwali hakuna marudio, na sababu umeieleza mwenyewe bila kujua. Kwenye MySQL kila amri ya kubadili umbo la jedwali hujithibitisha yenyewe palepale inapomalizika. Huwezi kuzifunga amri mbili pamoja ukasema zote zifaulu au zote zifutike. Ndiyo maana jedwali moja lilibadilika na lingine likabaki. PostgreSQL, kanzidata ya aina nyingine, inaruhusu kuzifunga pamoja, lakini sikushauri uhame kanzidata katikati ya msimu. Fanya hivi: kila badiliko liwe na faili lake na namba yake, na kabla ya kuligusa jedwali badili.sh iulize kwanza kama badiliko hilo limeshafanyika. Kuna zana za kufanya kazi hii, kwa mfano Flyway na Liquibase. Zote zinaweka ndani ya kanzidata yenyewe jedwali dogo la kumbukumbu ya yaliyopita. Mkikwama katikati, mtajua mmekwamia namba ngapi.

Mstari wa resource_group ni wa kuzuia watu wawili wasipeleke kwa wakati mmoja. Mko watatu, na siku ya mavuno kila mmoja ana haraka. Mstari huo unawapanga foleni.

Tuje kwenye rudisha_toleo, maana hapo ndipo penye swali lako. Maneno when: on_failure yanasema hatua hii ilale, iamke tu kama kuna hatua yoyote ya nyuma yake imefeli. Lisome tena neno "yoyote". Jaribio likifeli kwenye hatua ya pima, kabla toleo jipya halijagusa seva, rudisha_toleo itaamka vilevile. Kama rudisha.sh imeandikwa kijinga, itachukua toleo zima linalofanya kazi na kulirudisha kwenye lile la kabla yake. Mtakuwa mmeharibu kisichokuwa na kosa, kama wale wa zile seva saba. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa rudisha.sh uiulize seva: "Sasa hivi unaendesha toleo gani?" Kama toleo hilo silo tulilotaka kulipeleka leo, skripti iseme hakuna cha kurudisha, ikae pembeni.

Na toleo likisharudi, paipulaini itabaki nyekundu ingawa wakulima wanapimiwa kama kawaida. Msiibadilishe rangi. Kazi ya usiku huo ilifeli kweli, ila madhara yake yamezuiwa. Asubuhi mtu aikute nyekundu, aulize kwa nini.

Sasa kosa langu nililoahidi kulisema. Miaka ya nyuma, kwenye ofisi niliyokuwa naifanyia kazi hapa mjini, niliandika skripti ya kupeleka programu, na ndani yake nikaweka mstari huu:

./sakinisha.sh | tee sakinisha.log

Nilitaka maandishi yaonekane kwenye kioo na papo hapo yahifadhiwe kwenye logi. Kila programu ikimaliza kazi huacha namba: sifuri maana yake salama, namba nyingine yoyote maana yake kuna tatizo. Paipulaini yote inaishi kwa namba hiyo, haina macho mengine. Lakini unapounganisha amri mbili kwa ule mstari wima, ganda (shell), programu inayosoma amri zako, huchukua namba ya amri ya mwisho. Kazi ya tee ni kuandika tu, na iliandika vizuri, ikaacha sifuri. Diski ya seva ilikuwa imejaa, sakinisha.sh ikafeli usiku wa kwanza, ikafeli na wa pili, na siku zote mbili mimi nilipata kijani, rangi ya kufaulu. Aliyegundua ni mama mmoja wa mapokezi, aliyeniuliza kwa upole mbona kitufe tulichomwahidi hakijaja. Nilifungua logi, na mstari wa nne kutoka mwisho ulikuwa unasema wazi kabisa kwamba nafasi imekwisha. Ilikuwa imeandikwa siku mbili, na mimi nilikuwa naitazama rangi.

Tangu siku hiyo kila skripti ninayoiandika inaanza hivi, hata kama ina mistari mitatu:

#!/bin/bash
set -euo pipefail

Herufi e inasema simama kwenye kosa la kwanza. u inasema kigezo kisichopewa thamani kihesabiwe kuwa kosa. Na pipefail ndiyo inayoziba lile tundu la tee. Ukikuta mahali skripti yenu ina || true, inayogeuza kosa kuwa sifuri, mwite aliyeiandika akueleze. Wakati mwingine ana sababu nzuri. Mara nyingi hana.

Ukaguzi wa kagua.sh nao una mtego wa aina hiyo hiyo. Watu huita anwani ya seva kwa curl, amri ya kufungua anwani ya mtandao kutoka kwenye skripti, wakiona jibu wanafurahi. Curl ikipata ukurasa wenye kosa la 500, yaani seva yenyewe imeharibikiwa, inahesabu kwamba kazi yake imeisha salama, kwa sababu iliulizwa na ikajibiwa. Ongeza --fail, ndipo itakapoacha namba ya kosa. Na usiulize ukurasa wa mbele tu. Tengeneza mkulima wa majaribio, mpimie kreti moja ya kilo 20, halafu isome tena kutoka kwenye kanzidata uone kama ni 20. Hatua hiyo ingekuwepo mwezi wa tatu, toleo la zamani lingekuwa limerudi kabla hamjazima taa.

Lingerudi, lakini je, lingefanya kazi? Msimbo unarudi nyuma kwa sekunde, majedwali hayarudi hivyo. Kama toleo jipya lilibadili jina la safu ya uzito kuwa uzito_kg, toleo la zamani likirudi litaitafuta uzito na halitaikuta. Kwa hiyo zoeeni kuongeza kwanza na kuondoa baadaye. Wiki hii ongezeni uzito_kg pembeni ya uzito, programu iandike kwenye zote mbili. Wiki ijayo, mkiwa na hakika, programu isome mpya. Ile ya zamani ifuteni baada ya mavuno kwisha, kreti zikiwa zimelala ghalani. Ni kazi ya polepole, najua. Lakini kwa njia hiyo wakati wowote mnaweza kurudi hatua moja nyuma bila kumpigia simu karani saa kumi na mbili.

Mwenyekiti akiwakubalia, mpelekeeni faili lenyewe, lile jipya, mkamsomee mstari kwa mstari kwa Kiswahili. Mtu aliyezoea kuongoza chama cha wakulima anaelewa vizuri sana maana ya "hili likitokea, tunafanya hivi".

SWALI

Dada habari. Ofisini kwetu Singida tunatumia Jenkins kuendesha paipulaini. Mkuu aliagiza kila kazi ikifeli ujumbe uende kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi wote. Sasa kwa siku zinaweza kuingia jumbe thelathini na hakuna anayezisoma. Nikisema zipunguzwe naonekana sijali kazi. Nifanyeje?

JIBU

Salama, ndugu yangu. Unajali kazi kuliko wengi. Ujumbe wa watu wote hauna mwenyewe.

Nirudie kile kisa cha juu. Asubuhi ile kabla soko halijafunguliwa, mfumo wa Knight Capital ulikuwa umeshatuma baruapepe 97 kwa wafanyakazi, zikitaja kosa lenyewe. Hazikuwa zimepangwa kuwa kengele, na hakuna aliyezifanyia kazi. Na kuna upande wa pili, wa ujumbe usiofika kabisa. Tarehe 31 Januari 2017 GitLab wenyewe walifuta kwa bahati mbaya data kwenye kanzidata yao kuu. Walipokimbilia nakala rudufu wakakuta chombo cha kuzihifadhi ni kitupu. Zana ya kunakili ilikuwa ya PostgreSQL 9.2 na kanzidata ni ya 9.6, kwa hiyo kazi ilikuwa inafeli. Barua za kutangaza kufeli huko zilikuwa zinakataliwa na seva ya barua kwa kukosa saini inayotakiwa. Walipoteza data ya karibu saa sita. Walieleza yote hadharani, jambo ninaloliheshimu.

Kwenye Jenkinsfile, faili la hatua za Jenkins, ndani ya kifungu cha post, wengi wanakijua failure peke yake, na hicho kinalia kila mara kazi inapofeli, hata kama ni kosa lile lile la jana. Tumia regression, kinacholia pale tu kazi iliyokuwa imefaulu mara iliyopita inapoharibika. Kisha fixed, kinacholia inapopona. Kazi ikivunjika asubuhi na kutengenezwa jioni, kundi litapata jumbe mbili badala ya kumi na tano. Na kwenye always weka amri ya kuhifadhi logi, ili anayekuja kutafuta chanzo asikute mashine imeshasafishwa.

Kisha muwe na mtu wa zamu. Mmoja, jina lake linajulikana, wiki hii wewe, wiki ijayo mwingine. Kufeli kwa kupeleka toleo kuende kwenye simu yake kama SMS au mlio, siyo kundini. Mkuu mwambie hivi: "Kundi litapata taarifa, wa zamu atapata kazi." Nadhani atakuelewa. Na kila Jumatatu asubuhi mfumo umtumie wa zamu ujumbe mmoja wa kusema njia ni nzima. Siku usipofika, ajue kuna jambo.

SWALI

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, chuo kikuu hapa Dodoma. Mwalimu wetu wa mafunzo kwa vitendo anasisitiza mipangilio ya kufeli iandikwe kwenye faili ndani ya mradi. Lakini kwenye ukurasa wa mipangilio kuna vitufe, unabonyeza tu. Kuna ulazima gani?

JIBU

Mwalimu wako yuko sahihi, mwanangu, msikilize.

Rudi kwenye barua ya Nzuguni. Wale vijana waligundua kwamba mstari uliwekwa Desemba, na nani aliuweka. Waligunduaje? Amri ya git blame kwenye faili lile inaonyesha kila mstari, jina la aliyeuandika na tarehe, na ukiutazama ujumbe wa badiliko utapata na sababu. Kitufe kilichobonyezwa kwenye ukurasa mara nyingi hakina kumbukumbu ya aina hiyo, kinabaki kichwani mwa aliyekibonyeza. Nami niliwahi kukaa kwenye ofisi ambayo mwenye kichwa hicho alihamishiwa mkoa mwingine.

Faida ya pili ni kwamba faili linasafiri na msimbo wake. Ukirudi kwenye toleo la miezi sita iliyopita, unarudi pia na maagizo ya kufeli yaliyolifaa toleo lile. Na kabla badiliko halijaingia, mwenzako analisoma. Mstari wa allow_failure ungepita mbele ya macho ya watu wawili Desemba ile, nina imani mmoja angeuliza.

Siri tu ndizo zisiingie kwenye faili. Nywila na funguo ziweke kwenye vigezo vilivyofichwa vya mfumo wenyewe, faili lizitaje kwa jina.

SWALI

Dada, sisi ni timu ndogo, ofisi yetu ipo Ilazo. Programu zetu ziko kwenye Kubernetes, ule mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi. Tuliambiwa toleo likiwa bovu linajirudisha lenyewe, kwa hiyo hatukuandika chochote. Ni kweli? Na kama si kweli, mtu anajuaje kwamba alichoandika kitafanya kazi siku ya tatizo?

JIBU

Si kweli, na wengi wameambiwa hivyo. Kubernetes inajitahidi sana: inawasha toleo jipya kidogo kidogo, na kama mmeandika ukaguzi wa utayari kwenye konteina, yaani kifurushi ambamo programu inaendeshwa, haitaondoa za zamani zote mpaka mpya ziwe tayari. Toleo jipya likishindwa kuwaka husubiri, kwa kawaida sekunde 600, kisha huandika kwenye hali ya kazi kwamba muda umepita. Inaishia hapo. Kurudi nyuma ni amri yako. Kwenye paipulaini watu huandika hivi, tuseme programu inaitwa mizani:

kubectl rollout status deployment/mizani --timeout=5m || kubectl rollout undo deployment/mizani

Toleo litarudi kweli. Lakini tazama namba inayobaki: kurudisha kumefaulu, kwa hiyo mstari mzima unaacha sifuri, na hatua inapakwa kijani. Mtaamka mkiamini toleo jipya liko kazini kumbe ni la juzi. Andikeni kwa urefu wake:

if ! kubectl rollout status deployment/mizani --timeout=5m; then
  kubectl rollout undo deployment/mizani
  exit 1
fi

Huo mstari wa exit 1, unaoacha namba ya kosa, ni mfupi, na ndio unaosema ukweli.

Swali lako la pili nimelipenda zaidi. Unajua kwa kuvunja mwenyewe. Timu yangu hufanya hivyo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, watu wote wakiwa ofisini na chai imeshanyweka. Mmoja anatengeneza tawi, yaani nakala ya pembeni ya msimbo, anaweka exit 1 mahali ambapo wenzake hawapajui, anasukuma kwenye seva ya majaribio iliyo sawa na ile ya wateja. Wa zamu haruhusiwi kuuliza kitu. Tunaangalia saa tangu hatua inapofeli hadi toleo la zamani linapojibu.

Mara ya kwanza tulipofanya, hatua ya kurudisha iliamka vizuri, ikafika kwenye seva, ikasimama inaomba nywila. Nywila ilikuwa kwenye kompyuta mpakato ya mwenzetu mmoja, naye alikuwa kwenye treni ya umeme kuelekea Dar es Salaam, ameshapita Kilosa. Tulimpigia mara tatu, mtandao ukawa unakatika. Mara ya nne akapatikana, akaisoma herufi moja moja kwa sauti katikati ya abiria, jambo ambalo lilinikosesha raha kuliko kufeli kwenyewe. Jioni ile ile tuliibadilisha nywila, tukaiweka kwenye vigezo vilivyofichwa, na kwenye rudisha.sh tukaongeza mstari wa kuhakikisha kwamba ipo kabla ya jambo lolote kuanza. Mwezi uliofuata ilituchukua dakika nne.